Mkondo wa Ingizo: Jina Lililobaki Nyuma ya Kifaa

Kila istilahi ina historia yake, na mfasiri asiyeijua historia hiyo aweza kufasiri neno kwa usahihi huku akipotosha maana. Mfano mmoja ni jina la mkondo mdogo wa umeme unaopita katika ingizo la amplifaya ya operesheni, yaani chombo kinachokuza tofauti ya volteji iliyopo baina ya maingizo yake mawili.

Jina la chombo chenyewe lilitumika mwaka 1947 katika makala ya John Ragazzini wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na wenzake wawili. Operesheni waliyoikusudia si ya upasuaji wala ya kijeshi, bali ni matendo ya hesabu, kama vile kujumlisha na kutoa, ambayo chombo kiliyatenda kwa volteji badala ya tarakimu. Wakati huo kiliundwa kwa vali.

Katika miaka ya 1960 vali zilizipisha transista. Amplifaya mojawapo iliyoenea sana ni 741, iliyotolewa na kampuni ya Fairchild mwaka 1968. Transista za maingizo yake zina sehemu iitwayo besi, na besi sharti ipewe mkondo kidogo ndipo transista ifanye kazi. Katika 741 mkondo huo ni kiasi cha nanoampea 80. Wahandisi waliupa jina kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuelemeza, kwa sababu ndio unaoielemeza transista kwenye hali ya utendaji. Kwa hiyo, kusema "mkondo wa kuelemeza" kulikuwa ni kusema kweli.

Lakini kifaa hakikukaa palepale. Mwaka 1963 Frank Wanlass, pia wa Fairchild, alikuwa amebuni utaratibu wa CMOS, ambao huunganisha transista mbili za MOS zenye tabia zinazokamilishana. Transista ya MOS haina besi. Ina lango lililotengwa na silikoni kwa utando mwembamba wa oksidi, ambayo ni kihami. Lango huamrisha kwa volteji, wala halidai mkondo wa kudumu. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya RCA ilitoa amplifaya CA3130, yenye transista za MOS kwenye maingizo. Mkondo wake wa ingizo ni kiasi cha pikoampea 5, yaani sehemu moja katika 16,000 ya ule wa 741.

Msomaji atauliza: ikiwa lango limetengwa na kihami, hizo pikoampea zatoka wapi? Jibu ni kwamba sehemu kubwa haipiti langoni kabisa. Utando wa oksidi ni dhaifu, hata umeme tuli wa mkono wa fundi waweza kuutoboa. Ili kuulinda, watengenezaji huunganisha dayodi mbili kwenye kila ingizo, moja kuelekea ugavi chanya na nyingine kuelekea ugavi hasi. Katika hali ya kawaida dayodi hizo zimefungwa, lakini hazifungi kabisa, huvuja. Mvujo wa moja huingia kwenye ingizo, na wa nyingine hutoka humo. Tofauti ya mivujo hiyo ndiyo inayopimwa, na ndiyo maana mkondo huo waweza kuwa wa upande wowote.

Kwa hiyo basi, mkondo huu hauelemezi chochote. Hata hivyo vitabu vya Kiingereza vingali vinauita kwa jina lile lile la zamani. Mwalimu akilifasiri neno kwa neno, mwanafunzi ataamini kwamba CMOS huhitaji mkondo huo, na hatatarajia tabia yake halisi: mvujo wa dayodi huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Pikoampea 1 kwenye nyuzi 25 yaweza kufika 64 kwenye nyuzi 85. Chombo kilichopimwa vema katika chumba baridi chaweza kutoa vipimo visivyo sahihi juani.

Yafaa basi kutumia "mkondo wa ingizo" kama istilahi ya jumla, "mkondo wa kuelemeza" kwa transista zenye besi, na "mkondo wa mvujo" kwa CMOS. Kiswahili hakilazimiki kurithi jina ambalo sababu yake imekwisha.