Ikoni, mji chini ya jabali

Nilipotea kidogo, UE zilinibana. Leo nawapa ya Ikoni, mji wa kale kusini ya Moroni, kisiwani Ngazija, Komoro, nilikofika likizo hii.

Sisi wa Zegereni tumezoea mchanga. Kule ukikanyaga ni mawe meusi tupu, maana kisiwa chote kimetokana na volkano. Mlima Karthala, mita 2,361, bado uko hai: mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, majivu yakachafua maji ya kunywa. Ila mawe hayohayo ndiyo yaliyojenga kasri la masultani wa Bambao na kuta za mji.

Kuta za nini? Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, wavamizi wa Madagaska walikuja na mitumbwi kukamata watumwa. Inasimuliwa kuwa mapema karne ya 19 walipoingia Ikoni, wanawake walipanda jabali lililo juu ya mji wakajirusha, wasitekwe. Mzee aliyenitembeza, aliyewahi kuishi Unguja, alinyoosha kidole tu: "Pale, mwanangu." Sikuwa na la kusema.

Kwetu Kibaha ukitaja utumwa watu wanawaza Bagamoyo na misafara ya bara. Kumbe na Wangazija waliwindwa, huku visiwa vyao navyo vikiwa na watumwa waliotolewa huku bara. Nilimuuliza mzee hilo pia. Alikaa kimya, kisha akasema, "Ni kweli."

Hayo kidato cha pili hatukufundishwa, au nililala darasani? Nikosoeni jamani.