Faiba Haiozi? Hatari za Kuacha Boti Majini katika Pwani za Pemba

Ukiuliza katika madiko ya Pemba, kuanzia Msuka na Tumbe upande wa kaskazini hadi Kisiwa Panza kusini, kwa nini boti ya faiba inapendwa kuliko mashua ya mbao, jibu la kwanza huwa fupi: faiba haiozi. Haitaki kalafati, haitobolewi na wadudu, haimsumbui mwenyewe kutafuta mafuta na chokaa kila baada ya muda. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni la hatari. Hoja ya makala haya ni kwamba imani hiyo imevunja ratiba ya matunzo ambayo mbao ilimlazimisha mvuvi kuifuata, na kwamba boti ya faiba inayoachwa majini mwezi baada ya mwezi katika mazingira ya Pemba huharibika kwa njia ambazo mwenyewe hazioni mpaka matengenezo yawe ghali kuliko uwezo wake.

Jambo hili limekuwa la umma. Tangu Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ilipoundwa mwaka 2020, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imegawa boti za faiba kwa wavuvi na wakulima wa mwani, Unguja na Pemba. Kwa hiyo hali ya chombo kilichofungwa kwenye hori la mikoko sasa inagusa fedha za umma, riziki ya kikundi kizima na bahari ambayo wakulima wa mwani wanaitegemea.

Ni vizuri kuanza na mbao, kwa sababu kwa mbao ndiko tulikojifunza kutunza vyombo. Mashua ya mbao ina uhusiano wa pekee na maji: ikikaa nchi kavu sana, mbao hukauka, zikajikunja na kuachana, na siku ya kushuliwa huvuja kila mahali mpaka zivimbe tena. Ikikaa majini sana, wadudu wa baharini huzitoboa. Mabaharia wa pwani yetu walitatua mgongano huo kwa kufuata mwezi. Maji makubwa ya bamvua yalipofika, chombo kilipwelezwa, kikaegemezwa kwa magogo, kikakwanguliwa, kikapitishwa moto wa makuti chini ili kuua wadudu, kisha kikapakwa deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Juu ya mstari wa maji kilipakwa sifa, yaani mafuta ya samaki. Lililo muhimu katika kazi hiyo kuliko deheni yenyewe ni kwamba kila baada ya majuma kadhaa mtu aliyekijua chombo alikuwa amelala ubavuni mwake akitazama kila ubao. Nyufa zilionekana zikiwa changa.

Faiba imeiondoa lazima hiyo. Hakuna mshono wa kuziba, basi hakuna sababu ya kupweleza. Hakuna sababu ya kupweleza, basi hakuna anayetazama.

Lakini neno “majini” halina maana moja duniani. Katika bandari za burudani za Ulaya, boti hufungwa kwenye gati linaloelea, likipanda na kushuka pamoja na maji, na chini yake pana kina cha kutosha wakati wote. Miongozo mingi ya watengenezaji imeandikwa kwa kudhani hali hiyo. Pemba haina gati la namna hiyo kwa mvuvi wa kawaida. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Boti iliyotiwa nanga karibu na ufuo asubuhi inaelea, na saa chache baadaye imelala ubavu juu ya mchanga, matope au mwamba wa matumbawe. Hutua na kuinuka mara mbili kwa kila siku, na katika ile nusu saa ya katikati, wakati maji hayatoshi kuibeba na hayajaisha kuiacha, kila wimbi dogo huinyanyua na kuipigiza chini.

Hapo ndipo mimi naiona hatari ya kwanza, kabla ya hatari inayotajwa zaidi na mafundi wa ng'ambo. Boti ya faiba ni mikeka ya nyuzi za kioo iliyolowekwa katika rezini na kufunikwa kwa ngozi nyembamba ya rangi inayoitwa jelikoti. Ngozi hiyo kwa kawaida haifiki hata milimita moja. Ukiinama chini ya boti iliyokaa miezi mingi kwenye mwamba, utaona kwenye mkuku na kwenye mbavu za pembeni mstari mweupe uliofifia, kisha mahali pengine manyoya mafupi yanayochoma vidole. Manyoya hayo ni nyuzi za kioo zilizokwisha kuvuliwa ngozi. Maji hufuata nyuzi hizo kwa ndani kama mafuta yanavyopanda utambi, na kuanzia hapo uharibifu hauko tena juu ya boti.

Hatari ya pili ni malengelenge. Jelikoti haizuii maji kabisa. Chembe chache hupenya polepole. Zikifika ndani hukutana na mabaki ya kemikali ambayo hayakuungana vizuri wakati rezini ilipokuwa ikiganda, na huyayeyusha. Kimiminika kinachotokea ni kizito kuliko maji ya nje, kwa hiyo huvuta maji mengine kupitia jelikoti hiyohiyo, presha inapanda na ngozi inavimba. Ukilitoboa lengelenge, kimiminika hutoka kwa nguvu na mara nyingi kina harufu kali ya siki. Wataalamu huita hali hii osmosisi. Rezini ya bei nafuu ya polyesta, ambayo hutumika sana katika boti za kazi, hushambuliwa mapema kuliko vinilesta au epoksi. Joto huharakisha kila hatua, na bahari ya Pemba ina nyuzi joto kati ya 25 na 30 mwaka mzima, wakati bahari za kaskazini mwa Ulaya ziko baridi sehemu kubwa ya mwaka na boti nyingi hupandishwa nchi kavu majira ya baridi. Maji matamu nayo ni makali kuliko ya chumvi katika jambo hili, hivyo boti inayofungwa ndani ya hori panapoingia kijito haina nafuu.

Lazima niseme pia kwamba malengelenge peke yake ni nadra kuzamisha boti. Ni ugonjwa wa miaka, na wanaouza dawa zake wamewahi kuutia chumvi. Tatizo ni tiba yake. Boti yenye malengelenge mengi inatakiwa kuvuliwa jelikoti, ikaoshwa kwa maji matamu tena na tena, ikakaushwa kwa majuma au miezi, kisha ikapakwa epoksi. Katika kisiwa chenye masika mazito na vuli, kukausha faiba bila banda ni kujidanganya. Na kikundi kinachoishi kwa boti moja hakiwezi kukaa miezi mitatu bila kwenda baharini. Ndiyo maana watu hupaka rangi juu ya malengelenge na kuendelea, na hapo maji hufungiwa ndani.

Kinachozamisha boti usiku mmoja ni mvua. Chukua boti ya wazi yenye urefu wa mita 7 na upana wa mita 2, ambayo mdomo wake unaopokea mvua unakaribia mita za mraba 10. Mvua ya milimita 100, ambayo si kioja Pemba wakati wa masika, huiwekea lita 1,000, yaani tani nzima ya maji. Mashua ya mbao ikijaa namna hiyo huzama mpaka ukingoni lakini mara nyingi hubaki ikining'inia majini, kwa sababu mbao zake zenyewe zinaelea. Faiba ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya maji. Isipokuwa na vyumba vya hewa vilivyozibwa barabara, huenda chini pamoja na mashine yake. Kizibo cha ngama hakisaidii chombo kikiwa majini. Kimewekwa kwa ajili ya boti iliyo nchi kavu. Basi boti inayolala nanga bila mtu wa kuifua maji inategemea bahati ya mawingu.

Na mashine? Ubao wa nyuma unaoibeba katika boti nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote. Kila tundu la bolti lisilozibwa vizuri ni mlango wa maji kuelekea kwenye plaiwudi hiyo. Nje hakuna kinachoonekana. Ndani mbao inageuka tope, mpaka siku mashine inapovutwa kwa nguvu kwenye mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinapita mita 800, ndipo ubao unapolegea. Kwa hiyo usemi kwamba faiba haiozi hauelezi hata boti yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna mbao, na mbao hiyo haina mtu wa kuikagua. Mguu wa mashine unaoachwa umezama nao huliwa na chumvi, hasa kile kipande cha zinki cha kujitoa mhanga kinapokwisha bila kubadilishwa.

Viumbe vinavyojibandika chini ya boti ni vya kuzungumziwa kwa namna nyingine, kwa sababu dawa yake inaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa. Utelezi huja ndani ya siku chache, kisha magugu, kisha vile vikombe vyenye magamba makali ambavyo wengi huviita chaza ingawa ni jamaa wa kaa. Boti inakuwa nzito na petroli inakwenda. Jibu la dunia limekuwa rangi zenye sumu. Zile zenye bati ziliharibu ufugaji wa chaza katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa, nchi hiyo ikaanza kuzizuia mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 wa kuzipiga marufuku ulianza kutumika Septemba 2008. Rangi za shaba zinazotumika sasa ni afadhali, lakini nazo zinafanya kazi kwa kutoa sumu majini. Boti za wakulima wa mwani hulala juu ya mashamba yenyewe, na Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, ikiwemo Misali, iko upande huohuo wa magharibi wenye mahori ya kufungia vyombo. Kwa maoni yangu chombo kidogo cha Pemba hakihitaji rangi hiyo. Kinahitaji brashi na bamvua. Bahati yetu ni kwamba maji ya bamvua katika pwani hii hupwa katikati ya asubuhi, karibu saa nne au saa tano, na kumpa mtu muda wa mchana wa kusugua na kukagua bila gharama yoyote.

Mtu anaweza kupinga: basi boti zote zipandishwe ufuoni kila siku, mjadala uishe. Haitoshi. Boti ya faiba yenye mashine haivutwi kama ngalawa. Watu kumi wakiiburura juu ya mwamba, wataiharibu kwa dakika kumi zaidi ya vile maji yangeilainisha kwa mwaka. Jua nalo huichosha jelikoti, ikabaki kama unga mkavu unaopaka mkono. Kupandisha kuna maana pale tu penye magogo laini au kitoroli cha magurudumu, njia iliyosafishwa mawe, kivuli, na maji matamu ya kuoshea. Vitu hivi ni rahisi kuliko boti, na havionekani katika picha za makabidhiano.

Yapo pia mabaki. Mashua ya mbao iliyokufa ilikuwa kuni. Boti ya faiba iliyotelekezwa kwenye mikoko hubaki palepale ikisagika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutoka bandari ya Chichester, Uingereza, ulikuta chembe za faiba ndani ya chaza na kome wanaoishi karibu na karakana za boti. Wanawake wa Pemba wanaookota chaza na kombe kwenye fukwe zetu wana haki ya kuulizwa mapema boti hizi zitazikwa wapi.

Kwa hiyo ninachopendekeza kinaanzia kwenye mkataba wa kukabidhi. Mali ya kikundi ina watu wengi wa kuitumia na mara nyingi haina hata mmoja wa kuilalia ubavuni. Mkataba umtaje mtu huyo, umlipe sehemu ya mgao wa samaki, na umtake aipweleze boti kwenye mchanga kila bamvua ya pili, akague mkuku, ubao wa nyuma na zinki, na aandike alichokiona kwenye daftari linalosomwa na kamati ya wavuvi ya shehia. Kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kina nafasi ya kufundisha vijana kutia viraka vya rezini kama zamani walivyofundishwa kalafati, na kila diko kubwa liwe na banda moja la kukaushia. Boti ambayo haina nafasi katika banda hilo wala mtu katika daftari hilo isigawiwe kwanza.