Filamu za Kuwaonya Askari: Nani Mtenda, Nani Mtendwa?

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi filamu za kijeshi juu ya magonjwa ya zinaa zilivyogawa lawama, na kwa nini mgawo huo haukubaliki mbele ya historia ya Kivu.

Mnamo mwaka 1918 jeshi la Marekani liliwaonyesha askari wapya filamu Fit to Fight, inayosimulia mikasa ya vijana watano walioandikishwa vitani. Katika Vita Kuu ya Pili ikafuata Sex Hygiene ya John Ford: askari anakwenda danguroni, anapata kaswende, kisha daktari anaeleza dalili na kinga kwa picha za kutisha. Lengo lilikuwa kuhifadhi nguvu ya jeshi, kwani kabla ya penisilini kujaribiwa kwa kaswende mwaka 1943, matibabu yalikuwa marefu mno.

Afrika nayo ilikuwa imekwisha kujaribu sinema ya mafunzo. Huko Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, filamu zilisindikizwa na maelezo ya Kiswahili kwenye sahani za santuri; hivyo picha moja iliweza kusemeshwa kwa lugha kadhaa. Mwaka 1939 Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni, ambayo mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hufahamu picha za polepole tu. Nchini Afrika Kusini, filamu Mr. Wise and Mr. Foolish Go to Town (1944) ilimweka mfanyakazi mahali pa askari: wanaume wawili wanaambukizwa mjini, mwerevu anakwenda hospitali, mpumbavu anapotea.

Kisarufi, masimulizi hayo yote yana muundo mmoja: mwanamume ni mtendwa, «ameambukizwa», mwanamke, asiyepewa jina, ndiye mtenda.

Huku Kivu, vita vilivyoanza mwaka 1996 vimeupindua muundo huo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mjini Bukavu mwaka 1999, imewapokea makumi ya maelfu ya wanawake waliobakwa, wengi wao na watu wenye silaha. Azimio 1308 la Baraza la Usalama (Julai 2000) lilikiri kwamba machafuko huzidisha ukimwi, likahimiza walinda amani wafundishwe.

Kwa hiyo, filamu yoyote ya kumfundisha askari haitoshi ikimwambia ajikinge tu. Sharti imtaje yeye kuwa mtenda.