Ruhusa za kusakinisha programu (Yuniksi)

Ruhusa za kusakinisha programu ni kanuni zinazoamua nani anaweza kuongeza, kubadili au kuondoa programu katika mifumo ya uendeshaji ya jamii ya Yuniksi, ikiwemo Linux. Yuniksi ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao katika maabara za Bell, Marekani.

Kila faili ina mmiliki na kundi. Ruhusa za kusoma, kuandika na kutekeleza hupangwa kwa mmiliki, kwa kundi na kwa watumiaji wengine. Ruhusa hizo huandikwa pia kwa namba: 755 humpa mmiliki zote tatu. Waliobaki husoma na kutekeleza tu. Saraka za programu za wote, kama /usr/bin, humilikiwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Msimamizi husakinisha kwa amri ya sudo, ambayo humpa mamlaka hayo na pia huweka kumbukumbu ya matumizi yake. Mtumiaji wa kawaida huweza kuweka programu katika saraka yake ya nyumbani.

Utaratibu huu unafaa pia shule, kama zile za wilaya za Karagwe na Kyerwa nchini Tanzania. Pale wanafunzi wengi wanapotumia kompyuta moja, kila mmoja apewe akaunti yake, na nywila ya msimamizi abaki nayo mwalimu mhusika.