Ekseli ipi, fundi?

"FUNDI, kata ile ekseli ndefu ilingane na fupi, halafu uichomelee vizuri." Hayo ndiyo maagizo ambayo jirani yangu hapa Milimani, Kisumu, aliyatoa kwa simu. Alikuwa amenunua ekseli ya nyuma ya gari kubwa lililovunjwa ili aitie kwenye gari lake la kupandia milima, ambalo ni jembamba. Magurudumu yangetokeza nje ya bodi kama masikio ya ndovu, kwa hivyo ilibidi ifupishwe. Fundi akasikia, akaelewa, akafanya. Ila alichokielewa sicho alichokusudia mwenye gari.

Kabla ya kumlaumu yeyote kati yao, tuanzie mbali kidogo, maana chuma cha Kisumu kina historia na maneno yake. Meli ya William Mackinnon ililetwa kutoka Scotland vipandevipande, kila kipande na nambari yake. Vingi vilibebwa na wapagazi, vikaunganishwa huku ziwani, na meli ikashushwa majini mwaka 1900. Reli ilifika Desemba 1901. Mabamba ya meli hiyo hayakuchomelewa. Yalitobolewa na kupigiliwa ribiti. Mji huu basi ulijua kuunganisha chuma kabla haujajua weldi. Weldi ya umeme ilikuwa bado changa hata Ulaya: Nikolai Benardos aliibuni katika miaka ya 1880, na Mswidi Oscar Kjellberg akaja na rodi iliyopakwa dawa ya kukinga chuma kilichoyeyuka mwaka 1907.

Mashine zilichelewa lakini neno lilikuwapo. Kulehemu tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa neno la Kiarabu la nyama. Kidonda kinapofunga, nyama ikashikana na nyama, Mwarabu hutumia mzizi uo huo. Sijui lugha nyingine iliyouona mshono wa chuma kwa jicho zuri namna hiyo! Hata hivyo, ukienda leo kwa mafundi wa jua kali ukamwomba mtu "akulehemie" geti, atakutazama mara mbili. Wao husema kuchomelea, na sioni kosa. Choma, chomea, chomelea: kiambishi cha kutendea kimerudiwa, na kitendo kikapata uzito wa kufanywa hadi kikolee, kama vile potea inavyozaa potelea. Kulehemu kumebaki kwenye mitihani na kwa wanaounga nyaya za redio kwa risasi.

Ekseli ndiyo yenye matata. Neno gari lenyewe lilitoka Kihindi, likiwa na maana ya kitu cha kukokotwa, na kwa kitu cha kukokotwa ekseli haina utata. Mkokoteni wa punda una ekseli moja iliyotulia tuli huku magurudumu yakizunguka kwenye ncha zake. Behewa la reli nalo lina ekseli zake, ila hizo huzunguka pamoja na magurudumu yake. Katika vyombo hivyo viwili, chuma ni kimoja na jina ni moja.

Gari lenye injini lilivunja utaratibu huo. Ekseli ya nyuma ya gari la kazi nzito ni vyuma viwili, kimoja ndani ya kingine. Nje kuna bomba nene lenye difu katikati, ambalo hubeba uzito wote. Ndani ya bomba mna shafti mbili, kulia na kushoto, ambazo kazi yake ni kuzungusha magurudumu tu. Aghalabu difu haikai katikati kabisa, hivyo shafti moja huwa ndefu na nyingine fupi. Gereji zetu huliita bomba "ekseli" na shafti pia "ekseli".

Hapo ndipo jirani yangu alipokwama. Alitaka likatwe bomba upande mrefu ili shafti mbili fupi zitoshe pande zote, na ile ya pili alikuwa ameshainunua, iko stoo. Ujanja huo ni wa zamani na una sababu. Chuma cha bomba hustahimili kuchomelewa, mradi pande zote zishikwe zikae mstari mmoja na mshono upigwe kidogo kidogo, huku na kule, joto lisiupinde. Shafti ni kitu kingine. Imefanywa ngumu kiwandani kwa moto na kupozwa, na ukiiunga kwa weldi unauharibu ugumu ule pale pale inaposokoteka. Fundi alikata vyote viwili, bomba na shafti ndefu, akachomelea vyote. Mshono ulikuwa safi, haki ya Mungu. Shafti ilikatika kwenye mlima wa Riat.

Gari halikuanguka. Lilikosa nguvu tu, likasimama kwa breki, gurudumu likiwa mahali pake, kwa sababu kilichokatika sicho kilichobeba. Lugha yetu ilikwisha kuijua tofauti hiyo. Mhimili ni kile kinachohimili, boriti inayobeba dari. Kamusi zetu hulitumia kwa ekseli bila kufafanua. Mimi ningelipa bomba jina hilo, na kile cha ndani kiitwe shafti, basi.

Nilimpelekea fundi pendekezo langu. Akacheka. "Mwalimu, mhimili si ni ile ya serikali? Bunge na korti?" Nikamwambia hata hiyo imeazimwa kutoka kwenye nyumba. Akafikiri, kisha akanikamata: "Sasa hizi gari ndogo, omera, shafti inabeba na inazungusha. Hiyo utaiita nini?" Ana haki. Katika magari mengi mepesi, gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe, na shafti ikikatika gurudumu linaweza kwenda zake. Kwa hayo, neno ekseli lililomeza kazi zote mbili halikosei sana, na pendekezo langu linahitaji subira.

Jirani yangu naye hapigi simu tena. Huenda karakanani mwenyewe na kipande cha chaki, akachora mstari pale panapokatwa.