South Melbourne: klabu ya wahamiaji iliyofika Maracanã, kisha ikafungiwa mlango

Tarehe 11 Januari 2000, kwenye uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Manchester United ya Uingereza ilicheza na timu ambayo watu wengi duniani hawakuwa wamewahi kusikia jina lake. Manchester walikuwa mabingwa wa Ulaya. Wapinzani wao walitoka mji wa Melbourne, Australia, na wengi kati yao walikuwa na kazi nyingine nje ya mpira. Mechi iliisha 2-0. Mabao yote mawili yalifungwa na mwana wa Afrika, Quinton Fortune wa Afrika Kusini.

Ilikuwa mara ya kwanza FIFA kuandaa kombe la dunia la vilabu. Wakongo wanakumbuka zaidi Desemba 2010, TP Mazembe ilipofika fainali ya kombe hilo kule Abu Dhabi na kufungwa na Inter Milan 3-0. Miaka 10 mbele ya Mazembe, South Melbourne ilikuwa imekwenda huko kwa niaba ya vilabu vya Oceania. Ilipoteza mechi zote 3: Vasco da Gama 2-0, Necaxa ya Mexico 3-1, halafu Manchester. Bao lake moja tu lilifungwa na John Anastasiadis. Hilo si jina la Kiingereza. Ni la Kigiriki, na kupitia jina hilo mtu anaweza kuelewa klabu hiyo ilitoka wapi.

Wakaaji wa Katanga wanawafahamu Wagiriki tangu zamani. Walikuwa na maduka Lubumbashi, na walinunua samaki Kasenga, kando ya mto Luapula. Wale waliokwenda Australia hawakufika kama wafanyabiashara. Ugiriki ilikuwa imepigwa na jeshi la Ujerumani, na baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoisha 1949. Vijiji viliungua, kazi hakuna. Australia, nchi kubwa yenye watu wachache, ilikuwa inatafuta mikono ya kufanya kazi viwandani, na mwaka 1952 ikafanya mapatano na Ugiriki ya kupokea wahamiaji. Watu walipanda meli kwa maelfu. Walifika hawajui lugha, wakapewa kazi zile ambazo wenyeji hawakuzitaka, wakalala wengi katika nyumba moja.

Siku ya Jumapili mtu hana kiwanda. Anatafuta fasi ya kusikia lugha ya mama yake. Kwa Wagiriki wa Melbourne palikuwa pawili: kanisani asubuhi, na uwanjani mchana.

Mwaka 1959 vilabu vitatu vidogo viliungana. Kimoja kilikuwa cha wenyeji wa mtaa wa South Melbourne, viwili vya Wagiriki. Klabu mpya ilivaa buluu na nyeupe, rangi za bendera ya Ugiriki, na watu wakaiita South Melbourne Hellas. Hellas ni Ugiriki kwa Kigiriki. Uwanja wao ulikuwa Middle Park, karibu na ziwa la Albert Park. Mwaka 1962 wakachukua ubingwa wa jimbo la Victoria, na baada ya hapo hawakushikika kwa miaka mingi.

Hawakuwa peke yao. Wakroatia walijenga Melbourne Croatia. Wamasedonia walikuwa na Preston Makedonia. Mjini Sydney, Wahungaria waliokimbia nchi yao walikuwa na St George Budapest, na Waitalia walikuwa na Marconi na APIA. Waaustralia wengi weupe wa asili ya Kiingereza walipenda mpira wao wenyewe, ule wa kushika kwa mikono, na huu wa miguu waliuita kwa jina la matusi, jina lilelile walilowatukania wahamiaji. Kwa hiyo mpira wa miguu wa Australia ulikuzwa zaidi na watu waliotoka mbali. Ligi ya kitaifa ilipoanza mwaka 1977, South Melbourne ilikuwa kati ya waanzilishi. Mwaka 1984 ilitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza, kwa kuishinda Sydney Olympic, nayo pia klabu ya Wagiriki.

Katika timu ya 1984 alikuwemo beki wa kushoto mwenye miaka 19, Ange Postecoglou. Alizaliwa Athens. Wanajeshi walipopindua serikali ya Ugiriki mwaka 1967, baba yake alipoteza biashara yake, na mwaka 1970 familia ikapanda meli, mtoto akiwa na miaka 5. Huko Melbourne baba alifanya kazi kutoka asubuhi hadi usiku. Kitu alichoweza kumpa mtoto wake ni Jumapili za Middle Park. Postecoglou amerudia mara nyingi kusema kwamba mpira ndio uliomkutanisha na baba yake.

Mwaka 1989 klabu ikamleta kocha mmoja mzee, mnene, mcheshi. Huyo alikuwa Ferenc Puskás. Kwa vijana wa leo jina hilo ni la zawadi ya FIFA ya bao zuri la mwaka. Kwa wazee ni mmoja wa wachezaji wakubwa waliowahi kuishi: mabao 84 katika mechi 85 za Hungaria. Naye pia alijua maana ya kutorudi nyumbani. Novemba 1956, vifaru vya Urusi vilipoingia Budapest, yeye alikuwa nje na klabu yake ya Honvéd, iliyokwenda Bilbao, Hispania, kucheza kombe la Ulaya. Alikataa kurudi. FIFA ikamfungia, akakaa karibu miaka 2 bila klabu, akanenepa, na wengi wakasema amekwisha. Halafu Real Madrid ikamchukua, na mengine yanajulikana. Mji wake aliuona tena mwaka 1981 tu.

Puskás hakujua Kiingereza vizuri. Alijua Kigiriki, kwa sababu alikuwa amefundisha Panathinaikos ya Athens na kuifikisha fainali ya Ulaya mwaka 1971. Basi Mhungaria akaongea Kigiriki na Waaustralia! Kapiteni Postecoglou ndiye aliyemtafsiria, na ndiye aliyemwendesha kwa gari lake dogo lililochoka. Ndani ya gari hilo kijana alipata masomo ambayo shule nyingi za makocha hazina. Puskás hakutaka kujilinda. Alitaka timu ishambulie tu, hata ikifungwa 3 ifunge 4.

Mei 1991 wakafika fainali na Melbourne Croatia, mahasimu wa mji mmoja. Dakika zikaisha huku Wagiriki wako nyuma 1-0. Karibu na mwisho kabisa Joe Palatsides akasawazisha, wakaenda kwenye penalti, South Melbourne ikashinda. Puskás alikaa hadi 1992. Leo sanamu yake imesimama Melbourne.

Wakati huohuo jambo lingine lilikuwa linakuja. Viongozi wa mpira walisema vilabu vya makabila vinawafukuza Waaustralia wengine. Haikuwa uongo mtupu: mashabiki walipigana mara kadhaa, hasa Yugoslavia ilipoanza kuvunjika, na viwanja vingi vilikuwa nusu tupu. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa ya ajabu. Badala ya kushughulikia wanaopigana, walishughulikia majina. Melbourne Croatia ikawa Melbourne Knights. Preston Makedonia ikawa Preston Lions. Hellas ikafutwa, na kwa muda timu ikaitwa South Melbourne Lakers, kwa sababu ya lile ziwa. Mashabiki waliendelea kuimba Hellas.

Hata uwanja uliondoka. Middle Park ulibomolewa katikati ya miaka ya 1990 kupisha mashindano ya magari ya Formula One. Klabu ikahamia karibu tu, Lakeside, mahali palipokuwa uwanja wa ule mpira wa kushika. Timu ya mpira huo, Swans, ilikuwa imehamishiwa Sydney mwaka 1982. Wenyeji waliondoka, wageni wakaingia.

Mwaka 1996 Postecoglou, ambaye goti lilimstaafisha mapema, akapewa timu kama kocha. Akachukua ubingwa wa Australia mwaka 1998 mbele ya Carlton, 2-1, na 1999 mbele ya Sydney United, 3-2. Mwaka huohuo 1999 wakaenda Fiji kwenye kombe la vilabu vya Oceania, wakaifunga Nadi 5-1 katika fainali. Hiyo ndiyo iliyowapa tiketi ya Maracanã.

Miaka 4 baada ya Rio, hakukuwa na ligi. Mwaka 2003 tume iliyoundwa kwa ombi la serikali ilitoa ripoti kali kuhusu uongozi wa mpira, na mwaka 2004 ligi ya kitaifa ikafungwa. Aliyesimamia mabadiliko ni tajiri Frank Lowy, ambaye mwenyewe alikuwa Myahudi aliyenusurika vita vya Ulaya na kufika Australia mwaka 1952, na ambaye aliwahi kuongoza Hakoah, klabu ya Wayahudi wa Sydney. Mtu aliyekulia ndani ya mpira wa wahamiaji ndiye aliyeufungia mlango. Ligi mpya, A-League, ilianza 2005 na timu 8. Melbourne ilipewa moja, Melbourne Victory, klabu iliyokuwa haina hata mwaka.

South Melbourne, bingwa wa Australia mara 4, ikaanguka hadi ligi ya jimbo. Mbaya zaidi, madeni yalikuwa yameikaba, na mwaka 2004 ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni. Hapo ndipo klabu nyingi hufa. Wanachama walichanga pesa, na wafadhili kati ya Wagiriki wa mji wakasaidia, mpaka klabu ikasimama tena. Mwaka 2005 ikaanza ligi ya Victoria, na 2006 ikaishinda.

Lakini kuishinda hakukuipeleka popote. Katika mpira wa Kongo, timu ikifanya vizuri chini inapanda, ikifanya vibaya juu inashuka. A-League haina kupanda wala kushuka. Timu inaingia kwa leseni, na leseni inahitaji pesa na kibali cha wakubwa. South Melbourne ilikuwa bingwa wa jimbo 2014, ikawa tena 2016, ikabaki palepale. Mwaka 2017 ilifika nusu fainali ya kombe la kitaifa na kuadhibiwa na Sydney FC 5-1, mbele ya watu wake. Mwaka 2018 iliomba leseni. Walichaguliwa Western United na Macarthur, timu mpya. Mwaka 2025 Western United ilisimamishwa ligi kwa shida za pesa. Mashabiki wa Lakeside hawakukosa la kusema.

Sheria iliyozuia majina na alama za makabila, iliyowekwa tena mwaka 2014, iliondolewa 2019. Wakati huo waliokuwa wanajaza timu za watoto Australia hawakuwa tena Wagiriki na Wakroatia peke yao. Awer Mabil, aliyeifungia Australia penalti dhidi ya Peru mwaka 2022 na kuisaidia kwenda Kombe la Dunia, alizaliwa katika kambi ya Kakuma, Kenya, wazazi wake wakiwa wamekimbia Sudan. Nestory Irankunda alizaliwa mwaka 2006 katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ng'ambo ya ziwa Tanganyika ukitazama kutoka Kalemie, katika familia iliyokimbia Burundi. Kabla ya Adelaide United na Bayern Munich, utotoni alichezea Adelaide Croatia Raiders. Jina tu linatosha kueleza nani waliijenga klabu hiyo, na kwa nini ilikuwepo mtoto wa Kigoma alipotafuta pa kuchezea.

Postecoglou naye alikwenda mbali: kocha wa Australia iliyotwaa kombe la Asia 2015, bingwa Japani, bingwa Scotland na Celtic, halafu Tottenham. Tarehe 21 Mei 2025 Tottenham ilichukua Europa League kwa 1-0. Waliofungwa ni Manchester United, walewale wa Maracanã. Mji ulikuwa Bilbao, ule ambao Puskás alikuwa amekwenda kucheza mwaka 1956 wakati nchi yake inaungua. Siku 16 baadaye Tottenham ilimfukuza.

South Melbourne bado iko Lakeside. Uwanja umezungushiwa njia ya riadha, kwa hiyo mashabiki wako mbali na nyasi, jambo wanalolilalamikia mpaka leo. Wachezaji wanalipwa kidogo na wanaishi kwa kazi nyingine, kama wale wa mwaka 2000. Oktoba 2025 shirikisho la Australia lilianzisha mashindano mapya ya kitaifa ya timu 16 za chini ya A-League, baada ya miaka 21 ya kungoja, na South Melbourne iliitwa tangu mwanzo. Oceania pia ilianzisha ligi yake ya kulipwa Januari 2026, na kati ya timu 8 ikaipa South Melbourne nafasi moja.