Kompyuta ya gemu kwa pesa kidogo: ichunguze madabodi kabla ya kulipa

Siku chache baada ya Idd, mwana wa dada yangu alinijia nyumbani na kisanduku kwapani, uso umemshuka. "Mjomba, haiwaki." Alikuwa amefanya kazi dukani Ramadhani nzima, akadunduliza, akanunua prosesa ya Ryzen 5 5600 na madabodi ya B450. Muuzaji alimhakikishia kwamba vinaoana. Feni zilizunguka, taa zikawaka, lakini skrini ilibaki nyeusi tititi. Aliporudi dukani alionyeshwa maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudi.

Muuzaji hakusema uongo, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Viwili vile vinaoana kweli. Lakini madabodi za B450 zilitoka 2018, na prosesa ile ilitoka 2022. Ndani ya madabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vyombo vyote, mna programu ndogo iitwayo BIOS. Hiyo ndiyo inayoamka kwanza na kuitambua prosesa kabla hata Windows haijafikiwa. Bodi iliyokaa rafuni miaka na BIOS yake ya mwanzo haiwezi kuijua prosesa iliyozaliwa baada yake.

Nilikwenda kwa fundi rafiki yangu nikaazima Ryzen 5 2600, prosesa ya zamani ambayo bodi ile inaijua. Tukaipachika, tukapakua BIOS mpya kutoka tovuti ya kiwanda kilichotengeneza bodi, tukaitia kwa fleshi, kisha tukairudisha ile 5600. Ikawaka, alhamdulillahi. Kazi yenyewe haikufika saa moja, ila tuliifanya kompyuta ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukipotea katikati ya kazi hiyo bodi yaweza kufa pale pale.

Tangu nimalize diploma yangu, maswali ya namna hii huniandama hadi mlangoni mwa msikiti, kwa hiyo leo nayajibu kwa pamoja.

La kwanza: madabodi haiongezi kasi ya gemu. Picha laini kwenye skrini huletwa na kadi ya picha, kisha prosesa. Ukiweka prosesa ile ile na kadi ile ile kwenye bodi ya bei ya chini iliyo imara, na kwenye bodi ya bei mara tatu yake, tofauti utakayoiona ndani ya gemu ni ndogo mno. Ile ziada umelipia taa za rangi, matundu mengi ya USB na sauti bora kidogo. Kijana mwenye pesa ya kuhesabu azipeleke kwenye kadi. Bodi inatakiwa ikubali vyombo vyake, isichemke, na imwachie nafasi ya kuongeza kitu kesho. Basi.

Kwa hiyo anza na prosesa, kisha tafuta bodi yenye soketi yake. Kwa mfuko mwembamba, soketi ya AM4 ya AMD bado ni mlango mzuri: ni ya zamani, mitumba yake ni mingi, na inatumia ramu za DDR4. Kwa Intel, soketi ya LGA1700 inapokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14. Hapo kuwa macho, kwa sababu bodi zake nyingine ni za DDR4 na nyingine za DDR5, na ramu ya aina moja haiingii kwenye tundu la nyingine. AM5 ya AMD inataka DDR5 tu, lakini AMD imeahidi kuiendeleza soketi hiyo hadi 2027 angalau. Anayeweza kujikaza sasa ataweza kubadilisha prosesa baadaye bila kununua bodi upya.

Halafu kuna herufi. Kwenye AM4, A520 ni ya chini na B550 ni ya kati. Kwa Intel, H610 ni ya chini na B760 ni ya kati. Zile zinazoanza na X au Z zina mambo mengi ambayo mtu wa bajeti hatayagusa. Mimi napendelea B550 kuliko A520, na sababu kubwa ni kasi ya njia inayounganisha kadi ya picha. A520 ina PCIe ya 3, B550 ina ya 4. Kwa kadi nyingi hutaona tofauti ya maana. Lakini kadi za bei nafuu kama RX 6500 XT zimepewa njia 4 tu badala ya 16, na zikiwekwa kwenye PCIe ya 3 hupungua nguvu waziwazi. Yaani aliyebana matumizi mara mbili ndiye anayeumia zaidi.

Jambo jingine linalowachanganya vijana ni tundu la HDMI kwenye madabodi. Tundu hilo hufanya kazi ikiwa prosesa yenyewe ina picha ndani yake. Ryzen 5 5600 haina, 5600G inayo. Kwa Intel, herufi F mwishoni, kama i5-12400F, maana yake haina. Bila kadi, skrini haitaonyesha kitu.

Ramu nunua mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, ili zifanye kazi sambamba. Kwenye bodi ya matundu manne kwa kawaida hukaa la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, lakini soma kijitabu.

Wako wanaonunua kompyuta za ofisi za mtumba kutoka Ulaya wakitaraji kuzigeuza za gemu. Zafaa, kwa mipaka. Madabodi za OptiPlex nyingi za Dell, na za HP za aina hiyo, zina plagi ya umeme isiyo ya kawaida. Ukitaka pawasaplai kubwa kwa ajili ya kadi yenye nguvu, ile ya dukani haiingii bila kebo maalumu ya kugeuzia, na bodi yenyewe mara nyingi haikai kwenye kasha jingine. Mashine kama hiyo itafutie kadi ndogo isiyohitaji waya wa umeme wa ziada, na uridhike nayo.

Sisi wa Pwani tuna joto na chumvi. Chagua bodi yenye vipande vya chuma vya kupoza kando ya soketi, pale umeme wa prosesa unapogawanywa. Ukinunua iliyotumika, itazame kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani au weupe kwenye miguu ya vyombo, chumvi imeshaanza kula. Kwa Intel na AM5, pini ziko ndani ya soketi ya bodi, nyembamba kama nywele, na moja ikipinda yatosha kukuharibia kazi. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, ikiwa na prosesa yako, umeishika kwa mkono wako. Akikataa, shika pesa yako mwendo.

Na kama bodi ni mpya, tafuta kwenye kisanduku kibandiko kinachosema iko tayari kwa Ryzen 5000, au tufe ya kutia BIOS kwa fleshi bila prosesa. Cha mpwa wangu hakikuwa na hata kimoja. Nilikigeuza pande zote sita.